Baiskeli ya haditeli ya inchi 29 kwa mchanga wa Malindi, miezi tisa baadaye

Naanza na aibu kabisa tuelewane mapema. Mwaka jana nlinunua baiskeli mpya ya dukani, rangi ya machungwa, inang'aa mpaka watoto wa mtaani wakaifuata mbio, shoki mbele shoki nyuma, gia 21, diski breki, matairi ya inchi 26, shilingi 17,500 na kufuli nkapewa bure. Wiki ya tatu niko ile barabara ya vumbi ya kwenda Kakuyuni, nakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, nasikia nyuma kriii kriii kriii, kugeuka ni mzee mgema na baiskeli yake ya Black Mamba, madumu matatu ya mnazi yamefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, anakuja polepole vilevile na ananipita. Nkamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama nnavyodunda juu chini juu chini, akauliza, "Hiyo yako ni baiskeli ama ni kitanda cha springi?" Akaenda zake. Gia moja, madumu matatu, umri wa babu yangu, na mimi na gia zangu 21 nabaki kumtazama kisogo.

Nlikasirika siku ile lakini mzee alisema kweli tupu. Shoki ya nyuma ya baiskeli za bei ile ni springi na bawaba basi, hamna kitu ndani cha kuituliza, kwa hivyo kila ukikanyaga nguvu zako zinaishia kubonyeza springi na tairi inapata makombo. Nliipeleka kwenye mizani ya duka la nafaka, kilo 17 na nusu, mwenye duka akaniuliza kama nataka kuiuza kwa kilo. Mwezi wa nne hivi akseli ya nyuma ikakatika vipande viwili nikiwa huko nyuma ya Ganda, nkaisukuma mpaka nyumbani jua la saa nane. Fundi akanionyesha kwanini: gia za nyuma ni friwili ya kukazwa kwa skrubu juu ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, beringi ya upande wa cheni imekaa ndani mno, akseli inabaki na kipande kirefu kisicho na wa kukishika, sasa uzito wako pamoja na mashimo vyote vinakaa hapo hapo, inapinda kidogo kidogo mpaka siku inakatika.

Basi nkasema mara hii haditeli. Kwa asiyejua, haditeli ni baiskeli ya milimani yenye shoki mbele tu, nyuma ni fremu kavu, hakuna bawaba hakuna springi. Vitu vichache vya kuharibika, nguvu yako yote inafika kwenye tairi, na kwa pesa ile ile unapata vitu bora manake hawakulipia shoki ya pili.

Lakini haditeli ipi, hapo ndo kazi ilipo, na hapo ndo nlipopotea mwezi mzima nikisoma na kutazama video za Wazungu. Hizi baiskeli chimbuko lake ni Marekani, California, miaka ya 70, vijana wa Marin County walikuwa wakichukua mabaiskeli makuukuu mazito ya Schwinn wakiteremka nayo milima ya huko, breki ya ndani ya habu inashika moto mpaka grisi inatoka moshi, wakifika chini lazima waifungue waijaze grisi upya, ndo ile njia ikaitwa Repack na mashindano wakaanza 1976. Sasa hebu angalia, shida yao ilikuwa ni kuteremka. Sisi hapa tutateremka wapi? Shida zetu ni mchanga, matumbawe, miiba na chumvi. Kwa hivyo yale maneno yote ya shoki ya milimita 140 na pembe ya foku na kiti cha kushuka kwa kitufe, ni majibu ya swali ambalo Malindi hakuna aliyeliuliza.

Njia nazozizungumzia ni hizi. Kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, unaingilia Gede, kilomita mraba kama 420, ndio msitu mkubwa wa pwani uliobaki Afrika Mashariki, baiskeli inaruhusiwa ukilipa getini. Ndani upande wa miti ya mirihi mchanga ni mweupe laini kama unga wa muhogo, upande mwingine ardhi ni nyekundu, kiangazi inakwenda vizuri kama lami, ikinyesha inakuwa madimbwi na tope la kunata. Kuna kusini ya mji, Silversands na Casuarina mpaka Mayungu, vijia vya nyuma ya mahoteli na mashamba, matumbawe yametokeza juu kama meno. Kuna ng'ambo ya daraja la Sabaki mpaka Mambrui. Na kuna Marafa, Nyari wenyewe wanavyopaita, mbali kidogo, kwenda na kurudi ni siku nzima ya kazi.

Kununua nlienda Mombasa, siku mbili nikizunguka kwa wanaouza za mtumba kutoka Uingereza. Mpya pia zipo, majina kama Trek Marlin, Giant Talon, Specialized Rockhopper, hizo zote ni haditeli za kuanzia na ukiwa na pesa yake nunua tu hutajuta, mimi sikuwa nayo. Ya kwanza nlioipenda ilikuwa nyeusi, safi, kijana akanambia "hii saizi yako kaka, kiti tunakipandisha tu." Nkamwambia haya kipandishe. Akalegeza boliti, akashika kiti kwa mikono miwili akazungusha, baiskeli nzima ikazunguka pamoja na kiti. Akaleta nyundo. Nkaona hapa naaga. Ile nguzo ya kiti ikikaa ndani ya fremu miaka bila grisi, na chumvi ya njiani, inashikana ikawa chuma kimoja, utaikata kwa msumeno na bado isitoke. Kwa hivyo cha kwanza kabisa ukifika kwa muuzaji wa mtumba usiangalie rangi wala gia, mwambie apandishe kiti.

Baada ya hapo mambo ni ya haraka, nyanyua mbele uzungushe usukani usikilize kama kuna changarawe, shika kranki, ule mkono wa pedali, uisukume ndani nje kama jino bovu, ikicheza beringi zimekwisha, vuta cheni kwa mbele pale kwenye sproketi, ikinyanyuka mpaka ukaona mwanga chini yake imeshatanuka na pengine imekula na gia za nyuma, alafu pitisha kidole chini ya bomba la mbele pale zinapokutana welding, ufa unaanzia hapo na rangi mpya hupakwa hapo. Na risiti jamani, hata ya karatasi ya daftari yenye namba ya fremu. Usije ukabebeshwa mzigo wa wizi wa watu.

Nlioichukua: aluminiamu, magurudumu 29, saizi M, fremu ya inchi 17 na nusu na mimi nna urefu wa sentimita 172, shoki mbele milimita 100 ya springi, mbele sproketi moja tu ya meno 32, nyuma gia kumi kuanzia meno 11 mpaka 42, diski breki za haidroliki, za mafuta si za waya. Alitaka 42,000 tukamalizana 34,000. Kampuni siitaji, si kwa ubaya, ni vile nshabadilisha nusu ya vitu hata si baiskeli yao tena. Ikapanda basi kwenye buti la chini pamoja na magunia ya vitunguu, nkafika Malindi usiku nanukia kama jikoni.

Sasa matairi, hapa kaa chini kabisa. Ilikuja na matairi ya upana wa inchi 2.1 yamekauka, muuzaji amejaza upepo mpaka PSI 40, gumu kama jiwe, nami nkadhani ndio vizuri. Jumamosi ya kwanza nkaingia Arabuko, kilomita ya kwanza raha mustarehe, ile kuingia mchanga mweupe tairi la mbele likazama likageuka lenyewe, nkatua bega. Nkapanda tena, mita kumi, chini. Kile kipande nlikisukuma chote, robo saa, nikijiambia nimetupa elfu thelathini na nne baharini. Wiki mbili baadaye nkapata matairi ya 2.4 kutoka Nairobi, nkayaweka, nkapunguza upepo mbele 20 nyuma 22, mimi nna kilo 72, nkarudi kipande kile kile. Wallahi nlikipita chote nimekaa kwenye kiti. Polepole ndiyo, jasho ndiyo, lakini sikushuka. Baiskeli ni ile ile, gia zile zile, shoki ile ile, kilichobadilika ni mpira na upepo. Tairi pana lenye upepo mdogo linajilaza juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia, tairi jembamba gumu linachimba kama jembe. Na gurudumu la 29 linasaidia hapo hapo, duara kubwa linapanda juu ya kitu badala ya kugonga na kuzama.

Ukienda kununua basi uliza kwanza fremu yako inapokea tairi la upana gani. Zile za zamani nyingi zinaishia 2.2, ukilazimisha litakwaruza fremu na siku ya tope gurudumu litagoma. Mimi naweka kidole baina ya tairi na fremu kila upande, kikipita ni sawa.

Upepo mdogo una adhabu yake lakini. Wiki iliyofuata nkaenda Mayungu na ule ule upepo wa Arabuko, tyubu bado zimo ndani, nkagonga tumbawe moja, paah. Kufungua nkakuta tyubu ina vitundu viwili sambamba, kama imefinywa na koleo, maana yake tairi lilibonyea mpaka tyubu ikabanwa baina ya jiwe na rimu. Nkaziba, nkaenda mita mia tatu, paah nyingine. Alafu ukiiacha bahari ukaingia kwenye vichaka kuna mbigili, sijui Mungu aliiumba kwa kazi gani, pembe zake popote ilalapo moja inatazama juu. Rafiki yangu tulokuwa naye alipata pancha nne siku moja, ya mwisho hatukuwa na kiraka tukajaza tyubu majani makavu, ndio, majani, tukarudi mji tunapepesuka kama tumetoka mangweni.

Ndo nkaingia tubulesi. Unatoa tyubu kabisa, unabandika utepe kwenye rimu, unatia maji mazito meupe ya mpira ndani, tairi linajifunga lenyewe kwenye rimu, mwiba ukiingia yale maji yanakimbilia tundu yanaganda. Rimu lazima iwe ya kukubali hilo, si kila rimu, yangu kwa bahati ilikuwa ya kukubali. Kuliketisha tairi mara ya kwanza pampu ya mkono ilishindwa, tukaenda petroli stesheni tukaomba kompresa, kijana wa pale hajawahi kuona, tairi lilivyoruka kwenye rimu likalia kama bunduki watu wakatoka mbio kwenye kantini. Baada ya mwezi nkalifungua kuangalia, nkahesabu miba kumi na mmoja imevunjikia ndani ya mpira na sikuwahi kusimama njiani hata mara moja. Kumi kwa kumi, sina neno jengine. Ila joto letu linakausha yale maji haraka, kila miezi miwili miwili naongeza, na chupa yake Malindi huipati, naagiza.

Na hii sasa ndo lawama yangu kubwa kwa 29, na ndio ambayo hakuna video itakayokwambia: spea. Mjini hapa ukitaka tairi la Black Mamba utalipata dukani, ukitaka la 26 utalipata, 29 hakuna. Nlienda kwa ami mmoja mwenye duka la spea, mtu mzima mpole, akanambia "ishirini na nane, ishirini na tisa, mwanangu, yote mamoja, litakaa tu." Tukalijaribu, likaning'inia kwenye rimu kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Wote wawili tukashangaa, vipi la 28 liwe kubwa kuliko 29? Ni hivi, zile namba ni za nje ya tairi na kila mtu alipima kivyake zamani, namba ya kweli ni ya rimu kwa milimita, imeandikwa ubavuni mwa tairi kwa herufi ndogo. Black Mamba ya 28 kwa moja na nusu ni 635. Baiskeli ya 29 ni 622. Ile ya 27.5 ni 584 na 26 ni 559. Kwa hivyo ukinunua tairi acha hadithi za inchi, soma hiyo namba ndogo. Ami yule sasa ameiandika kwa chaki ukutani, nkipita huniita fundi.

Bahati ni kwamba valvu hazina fujo hiyo. Ile nyembamba ya Ulaya iliyokuja na baiskeli yangu inakubali kichwa kile kile cha pampu kinachojaza Black Mamba, kwa hivyo fundi yeyote wa chini ya mwembe atakujazia. Ya petroli stesheni ndio haiingii mpaka uwe na kile kikofia cha shaba cha kugeuzia, cha bei ndogo tu, mimi nimekifunga kwenye funguo za nyumba.

Tuje kwenye chumvi. Mtu akikuuliza kitu gani kinaua baiskeli Malindi si matumbawe, ni hewa. Baiskeli ikilala barazani bila kutumika wiki mbili wakati wa kusi, boliti zinageuka rangi ya hina. Na kuna wale wanaoipitisha kwenye maji ya ufuo maji yakitoka, picha tamu sana, mchanga umekauka mgumu, jua linachwea, mimi pia nimefanya, mara moja, kesho yake cheni ililia kama mlango wa ghala. Sasa nikirudi naiosha papo hapo kwa maji ya mfereji. Si ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari hapa maji yake yana chumvi, unaiosha chumvi kwa chumvi, mimi nlifanya hivyo mwezi mzima bila kufikiri mpaka bibi mmoja jirani akaniuliza, "mjukuu wangu, hayo maji tunashindwa hata kupikia chai, wewe waogeshea chuma?" Baada ya kuosha naifuta na kuipaka cheni mafuta kidogo, kidogo sana, ukiimwagia inakamata mchanga ikawa msasa. Nguzo ya kiti kila mwezi naitoa napaka grisi, yule kijana wa Mombasa na nyundo yake hanitoki kichwani.

Hapo ndipo haditeli inashinda tena. Ile ya machungwa ilikuwa na bawaba nne za shoki ya nyuma na zote ziliota kutu mwezi wa pili. Fremu kavu ya aluminiamu haina pa kuotea kutu. Shoki ya mbele lakini inataka macho, zile fimbo mbili zinazoingia na kutoka kwa baiskeli za bei hii ni chuma kilichopakwa kromu, kutu ikishika hata alama ndogo inakata mipira ya ndani kila ikipanda ikishuka. Nafuta kwa kitambaa kila nikirudi, sekunde kumi. Shoki yenyewe, nikisema ukweli, sita kwa kumi. Ni nzito, milimita 100 inatosha na kubaki, kwenye mchanga haina kazi kabisa, kwenye matumbawe inaokoa viganja. Kuna ya upepo badala ya springi, nyepesi na unaipima kwa uzito wako, ila inataka pampu yake maalum na mpira wake ukichoka fundi atakutazama tu. Kwa Malindi kaa na springi, ukihakikisha ina kile kitufe cha kuifunga isicheze ukiwa kwenye lami.

Breki sasa. Haidroliki ni tamu, kidole kimoja unasimama, lakini nlikaribia kuziua. Zililegea nkazipeleka kwa fundi wa pikipiki, mtu hodari kabisa kwa pikipiki, akafungua akataka kutia maji ya breki ya gari. Nkamshika mkono. Zangu ni za kampuni ya Shimano, zinatumia mafuta ya madini, ukitia yale ya gari yanakula mipira ya ndani na breki zinakwisha zote mbili. Kuna kampuni zingine zao zinatumia hayo hayo ya gari, kwa hivyo soma kwenye kifuniko kabla hujampa mtu. Alikuwa mwema, akaniachia niende nikaagize. Wiki mbili nlikaa bila breki ya nyuma. Ningekuwa nanunua leo ningechukua diski za waya tu, waya wa breki unaupata mjini hapa, unabadilisha mwenyewe na spana moja, na mji wenyewe ni tambarare, unasimamia nini.

Isipokuwa Marafa. Tulienda watu watatu, tukatoka alfajiri, daraja la Sabaki jua linachomoza na maji yamepanda rangi ya chai ya maziwa, tukakata ndani. Njiani vilima vidogo vidogo vya vumbi, hapo ndo nligundua sproketi moja mbele na la meno 42 nyuma ni akili, unapanda umekaa unapumua. Yule mwenzetu wa gia 27 alikuwa anabadilisha mbele, cheni inaanguka, anashuka, anapandisha, mikono myeusi, mara tatu. Kwa huku gia za mbele tatu ni mzigo tu. Majina ya gia za Shimano kwa mpangilio kutoka chini kwa miaka mingi yalikuwa Tourney, Altus, Acera, Alivio, alafu Deore, na kwa maoni yangu ukipata Deore hata kuukuu ni bora kuliko Tourney mpya. Tulifika Nyari saa nne, tukakaa ukingoni, zile nguzo za mchanga nyekundu na nyeupe na waridi, mtembezi mmoja wa pale akatueleza kijiji kilichozama kwa ajili ya watu walioogea maziwa, tukala mahamri. Kurudi upepo wa kusi ulitukabili kuanzia Mambrui, hapo hakuna gia wala kampuni, ni wewe na Mola wako.

Kitu kimoja cha Arabuko sikukisoma popote. Baiskeli haina kelele na mle mna ndovu. Askari wa getini alinambia wazi, pikipiki wanaisikia wanajitenga, baiskeli unawatokea ghafla. Habu yangu ya nyuma ikiacha kukanyagwa inalia trrrrrr kubwa, nlikuwa naichukia, nkataka kuijaza grisi inyamaze. Siku moja nkakuta mavi ya ndovu bado yanatoa mvuke katikati ya njia. Habu nimeiacha ilie.

Yanayoniudhi bado yapo. Kiti kilikuja kama ubao wa mbuzi, nkabadilisha wiki ya pili. Pedali za plastiki zilipasuka. Haina matundu ya kufungia keria, kwa hivyo sokoni siendi nayo, na mama haelewi baiskeli ya elfu thelathini na nne isiyoweza kubeba hata nazi mbili, nami sina jibu. Kwa jumla naipa nane, na katika hizo nane tano ni za matairi. Mtu mwenye elfu 25 tu mkononi ningemwambia bora haditeli ya 26 ya mtumba yenye fremu nzima na matairi mapana kuliko ya 29 yenye matairi yaliyokwisha, manake ya 26 akipata ajali Langobaya spea atazipata jioni hiyo hiyo.

Ile ya machungwa bado iko kwa mama huko Muyeye, imeegeshwa nyuma ya jiko, akseli nimeitia mpya. Jogoo amefanya stelingi kitanda chake na shoki ya nyuma inamdunda taratibu akijigeuza, naona ndiye wa kwanza kuifurahia. Anayeitaka aje na elfu nne. Jogoo anabaki.